Mwaka wa kwanza chuo cha sanaa Bagamoyo: mwongozo kwa anayeanza

Wengi wanaoanza Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, hufika wakiwa na jina tayari. Mmoja ni rapa anayejulikana mtaani kwao, mwingine alikuwa mchekeshaji wa shule nzima, wa tatu kachora kuta za vinyozi wote wa wilaya yake. Ni jambo zuri, lakini mwaka wa kwanza ndilo linalowaponza. Nina ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote hapa chini yanauzunguka: fani uliyokuja nayo iache ipumzike kidogo, nguvu uzipeleke kwenye ile usiyoijua.

Sababu ni ya tumbo kabla ya kuwa ya sanaa. Anayejua kuimba tu husubiri studio na promota. Anayeimba, akapiga ngoma, akajua kufunga taa na kushona vazi la jukwaani, huyo simu yake inaita: leo send-off, kesho hoteli ya Zanzibar inataka kikundi cha jioni, keshokutwa mradi wa afya unataka watu wa kuigiza vijijini. Na chuo chenyewe kilizaliwa hivyo. Kilianza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kikirithi kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali na kupata jina la sasa. Fani hizi zimeishi pamoja pale tangu mwanzo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha hapo na kufariki mwaka 2003, dunia inamkumbuka kwa zeze na ilimba, ala inayopigwa kwa vidole gumba, lakini huyo huyo aliimba, alicheza na alitengeneza vyombo vyake mwenyewe.

Kama wewe unakwenda kwingine, tuseme Idara ya Sanaa Bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au chuo cha muziki cha Dhow Countries kule Zanzibar, ruka sehemu zinazohusu mji. Zilizobaki zinakuhusu.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupanda basi

Maliza karatasi ukiwa nyumbani. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, namba ya NIDA kama unayo, kadi ya bima, fomu ya daktari, picha za pasipoti. Toa nakala za kutosha, na kila kimoja kipige picha ukihifadhi kwenye barua pepe yako. Ada lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na chuo, na risiti usitupe hata mwaka ukiisha. Mtu yeyote anayekuambia umtumie ada kwenye simu yake ili "akusaidie nafasi", mkimbie.

Daktari anayekujazia fomu mwambie ukweli wote. Kama una pumu, kifafa, goti lililowahi kuteguka au tatizo la moyo, liandikwe. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuficha goti bovu miaka mitatu. Wewe litakuumbua darasani, tena mwenzako akiwa amesimama mabegani kwako kwenye piramidi ya sarakasi.

Kwenye begi: nguo za mazoezi zinazovuta jasho na zisizoonyesha mwili zikilowa, suruali laini ndefu, kanga au vikoi viwili, raba moja imara, taulo, chandarua, kufuli nzuri, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Daftari nene lenye jalada gumu. Simu yenye nafasi ya kurekodi. Hicho cha mwisho kina thamani kuliko gitaa jipya, na kwa kweli gitaa jipya usinunue kabisa kabla hujakaa na mwalimu wa muziki. Vijana hununua ala ya bei mbaya kwa sababu ya rangi yake, halafu nyuzi zinakaa juu mno na vidole vinachanika.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70, basi linapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Fika mchana, siku mbili tatu kabla ya usajili. Kutafuta chumba usiku ukiwa na godoro kichwani ni kumkaribisha dalali akuuzie chochote.

Hatua ya pili: chumba na majirani

Kama bweni lina nafasi, chukua, walau mwaka huu wa kwanza. Utalalamika kelele, lakini mazoezi ya usiku na ya alfajiri hayatakuhitaji bodaboda, na nusu ya elimu ya chuo cha sanaa hupatikana kwa kukaa karibu na wenzako wakati hakuna mwalimu.

Ukilazimika kupanga, nenda uone chumba saa nane mchana, jua likiwa kali, ujue joto lake. Fungua bomba. Uliza maji hukatika siku zipi, na umeme ni mita ya nani. Kisha mwambie mwenye nyumba wazi kwamba unasomea sanaa na utakuwa unapiga ala. Bora akukatae leo kuliko akufukuze ukiwa umeshalipa kodi ya miezi sita.

Bagamoyo ni mji wa Kiswahili, wa kale, na watu wake wameona wanafunzi wa sanaa wakija na kuondoka kwa miaka zaidi ya 40. Hawashangai ngoma. Wanachoshangaa ni kijana anayepita barazani bila kusalimia. Toa shikamoo kwa wazee wote, hata kama unapita mbio. Ukitoka mazoezini na taiti, jifunge kanga kabla hujatoka getini. Wakati wa adhana nyamazisha ngoma, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Haya hayagharimu kitu, na siku ukihitaji mama wa mtaa akuazime kinu na mchi kwa ajili ya igizo, utaona faida yake.

Ufukweni ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi asubuhi. Nenda na wenzako. Njia tupu za ufukweni na ile ya kuelekea magofu ya Kaole si za kutembea peke yako na simu mkononi.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza, jua watu wa stoo

Wanafunzi wapya humkimbilia mkufunzi mwenye jina. Mimi nakutuma kwa mtunza stoo ya ala, fundi wa jukwaa, mama wa mavazi na mlinzi wa getini. Mtunza stoo ndiye anayeamua kama saa moja usiku utapata ngoma ya kufanyia mazoezi au utaambiwa stoo imefungwa. Andika jina kwenye daftari lake kila unapochukua kitu, rudisha kabla hujaulizwa, na kikiharibika sema wewe mwenyewe. Sifa ya uaminifu wa vifaa hupatikana mwezi wa kwanza, na ikipotea haifutiki hadi unahitimu.

Chukua ratiba, iandike kwa mkono, ibandike ukutani. Kufika saa mbili kamili kwa kipindi cha saa mbili ni kuchelewa, kwa sababu saa mbili mwili unatakiwa uwe umeshapata joto.

Hatua ya nne: mwili

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kimya kimya. Wiki mbili za mwanzo mapaja yatauma hata kushuka ngazi. Hiyo ni kawaida. Maumivu yasiyo ya kawaida ni ya upande mmoja, ya kuchoma, ya kwenye kiungo na si kwenye nyama, au yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku tatu. Ukiyapata, simama, mwambie mwalimu, nenda zahanati. Hakuna ushujaa wa kucheza na kifundo kilichovimba.

Kabla ya mazoezi tembea haraka au ruka taratibu mpaka jasho lianze, zungusha viungo kuanzia shingo hadi vifundo vya miguu, halafu ndipo uingie kwenye mdundo. Kuvuta misuli kwa muda mrefu weka mwishoni, mwili ukiwa moto. Ukicheza peku kwenye sakafu ya saruji, tua kwa ncha za vidole kwanza, magoti yakiwa yamelegea. Anayetua kwa kisigino na goti lililonyooka, mgongo utamdai.

Njuga zifunge juu ya kitambaa, usizifunge kwenye ngozi tupu. Kibwebwe kikaze chini ya kitovu, kwenye nyonga. Ukikaza tumboni pumzi inakatika dakika ya tatu.

Chakula: usiingie kipindi cha sarakasi ukiwa umetoka kula ugali, na usiingie na njaa. Ndizi mbili na maji saa moja kabla zinatosha. Baada ya hapo kwa mama ntilie kula unavyoweza, na Bagamoyo samaki hawakosi. Maji kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Joto la pwani kati ya Desemba na Machi humkausha mtu wa bara bila yeye kujua.

Sauti nayo ni mwili. Wanafunzi wa maigizo na muziki wakikutana, wote hupayuka. Ukishtukia koo linakwaruza, nyamaza siku nzima. Kunong'ona si kunyamaza, kunachosha koo vilevile.

Hatua ya tano: ngoma, hata kama hukujia ngoma

Mchoraji anauliza, mimi ngoma ya nini? Kwa sababu mkono unaojua mdundo huchora mstari mwingine kabisa, na kwa sababu mwigizaji asiyeshika mdundo hawezi kumfanya mtu acheke, maana kicheko kinategemea sekunde. Basi anza hapa.

Kwanza jifunze kuipasha. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na pwani wakati wa masika ngoma iliyolala usiku mmoja huamka ikitoa sauti ya kugonga debe lililojaa maji. Kusanya majani makavu au makuti, washa moto mdogo wa haraka. Moto wa mkaa ni mkali na hauna subira. Shika ngoma uso ukielekea moto, mbali kidogo, kiasi kwamba mkono wako ukiuweka pale unavumilia. Izungushe, usiiache sehemu moja. Kila baada ya muda mfupi igonge katikati kwa kiganja na pembeni kwa vidole, usikilize. Sauti itapanda polepole. Ikikaribia pale unapotaka, iondoe, kwa sababu itaendelea kupanda kidogo hata nje ya moto. Ngozi ikianza kunuka kama nyama, umeshachelewa. Ikipasuka, kuiwamba upya ni kazi ya siku kadhaa, na utaifanya wewe huku wenzako wanapiga.

Kisha jifunze kupiga kwa mdomo kabla ya mkono. Kila mwalimu ana silabi zake za sauti nene ya katikati, ya kiganja cha pembeni na ile kali ya ncha za vidole. Ziseme ukitembea, ukioga, ukisubiri wali. Mdundo usioweza kuusema hutaweza kuupiga, utaubahatisha tu. Ukishausema vizuri, mikono hufuata haraka kuliko ulivyodhani.

Kwenye uchezaji, usijifunze hatua bila kujifunza ilikotoka. Bugobogobo ya Wasukuma imebeba jembe na kazi ya shamba, ndiyo maana mgongo unainama vile. Mdundiko wa Wazaramo hutembea, hauna mahali unapokaa, kwa hiyo nguvu hugawanywa kwa safari ndefu. Muheme wa Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma ikibanwa katikati ya mapaja. Sindimba ya Wamakonde kila mtu anadhani anaijua kwa sababu kaiona jukwaani ikitikisa kiuno, na wengi wakiambiwa waicheze polepole wanakwama, kwa sababu hawajui miguu inafanya nini. Mtafute mwanafunzi anayetoka kwenye ngoma hiyo. Mpe unachojua, akupe anachojua. Biashara hii ya kubadilishana ndiyo faida kubwa ya kusoma na watu wa kila mkoa, na haimo kwenye silabasi yoyote.

Hatua ya sita: nyuma ya jukwaa

Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo lilianza mwaka 1982, na hufanyika kila mwaka, mara nyingi kati ya Septemba na Novemba, yaani karibu na wakati unaofika. Usitegemee kupanda jukwaani mwaka huo. Jitolee kubeba viti, kuongoza wageni, kukunja nyaya, kushika mavazi ya kikundi kinachobadilisha kati ya ngoma mbili. Vikundi kutoka nje na mikoani hupita mita mbili kutoka ulipo. Tazama wanavyojiandaa dakika kumi kabla ya kuingia. Pale utajifunza kuliko ungejifunza ukiwa umekaa mbele na simu juu.

Fundi wa jukwaa akikukaripia kuhusu waya au kiberiti, usinune. Ukumbi wa zamani wa chuo uliungua mwaka 2002, na watu wa Bagamoyo hawajasahau. Jifunze kwake mambo manne tu mwaka huu: kukunja waya bila kuuvunja ndani, kuelekeza taa bila kuishika kioo, kupanga maikrofoni zisivume, na kumpa mwigizaji ishara ya kuingia kwa wakati. Hayo manne yamewapa watu ajira.

Hatua ya saba: kukosolewa

Utakosolewa mbele za watu, mara nyingine kwa maneno makavu. Usijibu hapo hapo. Andika kilichosemwa kwa maneno ya msemaji mwenyewe, lala, kesho asubuhi soma tena na ujaribu. Kama hujaelewa, rudi na swali dogo: "Mwalimu, mkono uwe wapi nikigeuka?" Usiulize, "Kwa hiyo nilikuwa mbaya?" Swali la pili halina jibu linalosaidia. Anayekusifu kila siku mshukuru, endelea na mazoezi.

Hatua ya nane: pesa, makubaliano na watu wabaya

Shoo za mitaani zitakuja, na posho inashawishi. Weka mpaka: shoo isiyokukosesha kipindi. Kabla hujakubali, pata kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, mambo haya: kiasi, siku ya kulipwa, nani analipa nauli na chakula, na kama mtarekodiwa, video itatumika wapi. Anayesema "tutaongea baadaye" hataongea.

Mkitunga kikundi, siku hiyo hiyo andikeni nani katunga nini na mgawo ukoje. Tunzeni rasimu zenye tarehe. Kazi zenu halisi zinaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na shughuli za msanii ziko chini ya BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Wimbo wa bibi wa kijiji si wako hata ukiuwekea biti mpya. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi. Taja chanzo, omba ruhusa.

Sasa hili lisemwe bila kuzunguka. Atatokea mtu, awe mtayarishaji, promota au mwenye cheo, atakayekuambia nafasi ipo lakini mkutane kwake usiku. Wasichana hukutana nalo zaidi, wavulana nao hukutana nalo. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Usaili wa kweli hufanyika mchana, mahali pa kazi, na kuongozana na rafiki hakumkwazi mtu mwenye nia njema.

Hatua ya tisa: likizo ya kwanza

Nyumbani watakuuliza kama kweli serikali inatoa cheti cha kucheza ngoma. Usibishane. Waonyeshe daftari, waonyeshe video, kama wana nafasi waalike kwenye onyesho la chuo. Mzazi akishaona kazi yako jukwaani, maswali hupungua.

Halafu fanya kazi moja. Mtafute mzee wa kwenu anayejua wimbo wa kuvuna, wa jando, wa kubembeleza mtoto, chochote. Nenda na sukari au sabuni, usiende mikono mitupu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu. Rekodi mara ya kwanza bila kumkatiza, mara ya pili muulize: huimbwa lini, nani hapaswi kuuimba, chombo gani hupigwa, kilitengenezwa na mti gani. Nyimbo nyingine zina sehemu zake na watu wake, na akikuambia hii usiitoe nje, usiitoe. Mwanzoni mwa rekodi taja kwa sauti jina lake, kijiji na tarehe, na kama hataki jina lake litajwe, taja hivyo. Ukirudi chuoni, hiyo ndiyo kazi utakayoipeleka kwa mwalimu wa kwanza atakayeuliza umeleta nini.